Simu Yangu na Amana za Mabibi Harusi



Mimi ni fundi cherehani, niko Ngonga, Kyela. Siku tisa kabla ya harusi ya mteja wangu mmoja, simu ilileta ujumbe kwamba kuna toleo jipya la programu. Nikakubali, nikaenda kuswali Isha. Niliporudi, inawaka, inaonyesha nembo, inazima. Ikawa hivyo hivyo hadi asubuhi.

Ndani yake mlikuwa na vipimo vyote vya bi harusi, na picha za wateja wakijaribu magauni, vichwa wazi. Fundi simu wa Kyela mjini akasema, "Dada, niachie, uje kesho." Moyo ulikataa. Picha zile ni amana, si za kuonwa na mwanamume asiyewahusu. Nikamwambia afute kila kitu palepale, naangalia. Simu ikapona, vipimo vikapotea. Nikapanda gari hadi Mbeya kumpima bi harusi upya, kwa nauli yangu.

Dukani wakaniambia waranti imeisha. Lakini simu haikuanguka wala haikuingia maji. Aliyeitengeneza ndiye aliyeifikia akiwa mbali, akaiharibu. Mimi nikichukua gauni nililoshona miaka mitatu iliyopita ili nilipunguze kiuno, nikaliunguza kwa pasi, nalipa. Kwa nini yeye asilipe?

Wapo waliowajibishwa. Mwaka 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5, kwa sababu matoleo mapya ya programu yalizorotesha simu za watu. Mwaka 2020 Ufaransa nayo iliitoza Apple euro milioni 25, kwa kutowaeleza wateja kwamba simu zao zingeweza kupungua kasi. Kwetu ipo Sheria ya Ushindani ya 2003, na Tume ya Ushindani inayomlinda mlaji.

Dini yetu nayo inamkataza muuzaji kuficha aibu ya bidhaa, na inampa mnunuzi haki ya kuirudisha. Aibu ya simu yangu ilikuja baada ya kuuziwa, lakini mkono ulioitia ni wa mtengenezaji yuleyule.

Basi dada, tunza risiti. Vipimo viandike pia kwenye daftari. Mimi picha za vichwa wazi nimeacha kabisa kupiga.

Alhamdulillah, gauni lilimkaa bi harusi. Allah atujaalie tuwe watunza amana, sisi na wanaotuuzia.