Taa Ikiendelea Kuwaka

Kwenye dashibodi ya gari kuna taa nyingi, na nyingi kati ya hizo dereva wa huku kwetu Mtwara amejifunza kuishi nazo. Taa ya mlango, taa ya mkanda, ile ya manjano yenye picha ya injini iliyokuwa ikiwaka tangu gari linanunuliwa: watu husafiri nazo hadi Masasi na kurudi. Taa moja haina mzaha. Ni ile nyekundu yenye picha ya birika linalodondosha tone. Ikiwaka wakati injini inaunguruma, maana yake oili haisukumwi ipasavyo kwenye beringi, vyuma vinasagana vikavu, na injini inaweza kunoki ndani ya dakika chache. Au maana yake ni kwamba injini ni nzima na taa yenyewe imedanganywa.

Tunaandika habari za taa hiyo kwa sababu katika kazi ya uchungaji hatujaona mfano unaoeleza dhamiri vizuri kuliko huo, na tuliupata barabarani, si darasani.

Ulikuwa msimu wa korosho. Tulikuwa watatu kwenye Hilux ya usharika: mchungaji, mwinjilisti, na mzee wa kanisa aliyekuwa akiendesha. Tulitoka Mtwara mjini asubuhi kuelekea upande wa Kilambo, kule ambako Ruvuma inakaribia mwisho wa safari yake na maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari. Sisi Walutheri ni wachache katika pwani hii. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na kwa upande wa Wakristo, Waanglikana walikuwa wameshafika Masasi tangu 1876. Kwa hiyo mitaa yetu iko mbalimbali, na mtaa tuliokuwa tukiuendea ulikuwa haujapata Chakula cha Bwana kwa miezi 3. Watu walikuwa wanasubiri.

Taa iliwaka tukiwa katikati ya mikorosho. Mzee wa kanisa aliegesha pembeni akazima injini pale pale. Hilo ndilo jambo la kwanza na halina mjadala: zima kwanza, maswali baadaye. Tulingoja oili ishuke kwenye sampo, tukavuta stiki. Imejaa. Tukachungulia chini ya gari; hakuna hata tone.

“Oili ipo,” mwinjilisti akasema. “Twendeni, watu wanatungoja.”

Mzee alikataa, na alikuwa na haki. Stiki inapima kiasi cha oili kilichopo, haipimi msukumo. Sampo inaweza kujaa na oili isifike kwenye krenki, kama pampu imekufa au chujio limeziba. (Tunawafahamu Wakristo wenye Neno jingi lililojaa ndani bila kuzunguka, lakini hayo ni mahubiri ya siku nyingine.) Basi tukapiga simu mjini, tukakaa chini ya mkorosho.

Fundi alikuja kwa bodaboda, kijana Mwislamu anayetufahamu, akiwa na mfuko wa vitambaa na ndani yake geji yenye mpira mrefu. “Shikamoo Baba Mchungaji.” “Marahaba, fundi. Tuokoe.” Akacheka, akafungua boneti.

Inafaa kueleza kidogo kifaa chenyewe. Swichi ya oili ni kitu kidogo kinachofunikwa na kiganja, kimekazwa ubavuni mwa injini. Ndani yake kuna kiwambo chembamba na springi. Oili isipokuwa na presha, springi hukutanisha umeme na bodi ya injini, na taa inawaka. Injini ikiunguruma, presha husukuma kiwambo, umeme unakatika, taa inazima. Mpaka wake uko chini sana, kwa magari mengi kati ya psi 3 na 7 hivi. Maana yake taa haijui mengi. Haijui kama injini ni nzuri au imechoka. Inajua jambo moja tu, na hata hilo inalijua kwa kutegemea kiwambo chembamba na waya unaokaa karibu na moto, vumbi na, kwa sisi wa pwani, chumvi ya bahari.

Fundi alichomoa waya kwenye swichi, akatuambia tuwashe funguo bila kuwasha injini. Taa haikuwaka. “Waya haujapiga shoti njiani,” akasema. “Basi ni swichi, au ni injini kweli.” Hapo ndipo mafundi wengi wenye haraka husema ni swichi, na wakapokea hela yao. Yeye aliifungua swichi yote, akakaza geji kwenye tundu lile lile, akasema washeni. Sindano ilipanda. Aliiacha injini ipate moto, kwa kuwa oili baridi ni nzito na huweza kuonyesha presha nzuri isiyokuwapo gari likichemka. Injini ikiwa ya moto na ikizunguka taratibu, sindano ilisimama kwenye psi 20. Tulipopiga resi ikapita 50. Kisha akatuonyesha swichi: oili ilikuwa imepenya kiwambo ikalowanisha ndani, na kichwa chake kimeota kutu ya kijani.

“Huyu ndiye aliyekuwa analia. Injini haina kosa.”

Ila hakuwa na swichi mpya. Aliikaza ile ile mbovu ili izibe tundu, akarudisha waya, na taa ikawaka kama mwanzo. Akatuambia itawaka mpaka tufike na mpaka turudi. Akatushika ahadi: iwe leo tu, tupime oili kila tukisimama, tusikilize sauti ya injini, kwa sababu gari ambalo taa yake haisemi kweli halina mlinzi. Akaongeza neno ambalo hatujalisahau, kwamba swichi inayolia ovyo ni afadhali. Mbaya ni iliyokufa kimya, waya umekatika, taa haiwaki hata injini ikifa. Ndiyo maana dereva mwenye akili huangalia asubuhi anapofungua funguo: kabla injini haijawaka, taa hiyo lazima ionekane.

Mfalme Daudi alikuwa na swichi ya namna hiyo. Alikuwa amemchukua Bathsheba na kumuua Uria, mtoto akawa amezaliwa, na katika 2 Samweli huoni mahali popote kabla ya sura ya 12 ambapo moyo wake unamsumbua. Ilibidi Nathani aje kutoka nje, na hadithi ya mwana-kondoo mmoja. Watu wa aina hiyo hawaji kwetu ofisini. Sisi ndio hutakiwa kuwaendea, na ni kazi ngumu.

Wanaokuja ni wa aina ya pili, na kwa hao sisi Walutheri tuna babu. Martin Luther aliingia utawani Erfurt mwaka 1505, na inasimuliwa kwamba aliweza kuungama kwa saa 6 mfululizo, akatoka, kisha akarudi kwa sababu amekumbuka jingine. Johann von Staupitz, mkubwa wake na muungamishi wake, alichoshwa naye. Lakini hakumwambia taa hiyo si kitu, wala hakumwachia aendelee kuikodolea macho. Alimwelekeza atazame majeraha ya Kristo, yaani kitu kilicho nje ya kifua chake, kisha akamsukuma asome na kufundisha Maandiko. Tunasema geji haikai kwenye dashibodi. Na tusidhani kwamba baada ya Matengenezo taa ya Luther ilizimika. Mwaka 1527, akiwa tayari amehubiri neema kwa miaka mingi, aliugua na kuzidiwa na hofu hata akamwita Johannes Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg, akaungama kwake na kuomba kusikia ondoleo kwa kinywa cha mtu mwingine. Yule aliyewafundisha wengine hakuweza kujipimia mwenyewe.

Kwa sababu hiyo Ungamo la Augsburg la 1530, katika kifungu cha 11, halikufuta maungamo ya faragha. Linataka yadumishwe, ila halimdai mtu ahesabu kila dhambi, kwa kuwa hakuna anayeweza. Na Katekisimo Ndogo, ambayo watoto wetu wa kipaimara huikariri, inasema maungamo yana sehemu mbili, na ya pili ni kupokea ondoleo. Washarika wengi wanaikumbuka ya kwanza tu.

Siku hizi kuna njia nyingine, nayo ni kung'oa balbu. Mtu analemewa, anaenda kwa mhubiri, anaambiwa atoe sadaka ya namna fulani, atajisikia mwepesi. Na kweli hujisikia mwepesi kwa wiki mbili. Hata madereva wengine hubandika plasta juu ya taa. Hatuna la kuongeza.

Katika mtaa ule tuliokuwa tukiuendea alikuwapo mama mmoja (ameturuhusu tuandike, mradi tusitaje jina lake wala kijiji) ambaye hakuwa ameshiriki Meza ya Bwana kwa miaka 6. Hakuna aliyemtenga. Alikuja ibadani kila Jumapili, alifagia kanisa, aliimba, na wakati wa Meza alibaki kwenye benchi. Miaka 6 nyuma alivuka Ruvuma kwenda kwa ndugu zake upande wa Msumbiji, kama Wamakonde wa pande zote mbili walivyofanya tangu kabla ya mpaka kuwapo. Mvua zikanyesha bara, mto ukajaa, wenye mitumbwi wakakataa kuvusha watu. Alipopata kuvuka siku ya tano, mama yake mzazi alikuwa ameshazikwa.

Kila mtu alikuwa amemwambia hana kosa, mto ni kazi ya Mungu. Walisema kwa upendo, lakini kumwambia mtu hivyo bila kupima ni kuhukumu swichi kabla ya kufunga geji. Tulikaa naye chini ya mwembe kabla ya ibada, tukamwuliza: “Mama, kabla hujavuka kulikuwa na nini nyumbani?”

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema waligombana. Alimwambia mama yake neno ambalo mtoto hamwambii mzazi, akabeba mzigo wake akaondoka bila kuaga.

Basi kulikuwa na kitu. Mto haukuwa dhambi yake, neno lilikuwa. Kwa miaka 6 watu walikuwa wakimwondolea asilolitenda, na alilolitenda likabaki pale. Aliliungama, kwa sauti ndogo, mara moja. Tukamwekea mkono kichwani, tukamwuliza kama anaamini kuwa msamaha huu ni wa Mungu, akaitikia ndiyo, tukatamka ondoleo la dhambi.

Akakaa kidogo, akasema, “Asante Baba Mchungaji. Lakini bado iko. Iko pale pale.”

Mwaka mwingine tungemwambia asubiri, Mungu atampa amani. Siku ile tulimwomba mzee wa kanisa awashe gari, tukamwita mama aje mlangoni.

“Unaiona hiyo nyekundu, Mama? Inasema injini inakufa.”

“Na mmekuja nayo hivyo hivyo?”

“Tumekuja nayo. Fundi alipima kwa geji tukiona wenyewe.”

Akaitazama taa, akatutazama sisi. “Hamkuogopa?”

“Tuliogopa njia nzima, Mama,” mwinjilisti akajibu. Na ilikuwa kweli. Kila shimo, macho yetu matatu yalirudi kwenye ile taa. Kichwani tulikuwa na psi 50, tumboni hatukuwa nazo.

Mama hakusema kitu. Katika ibada alikuja Mezani wa mwisho kabisa, mikono ikimtetemeka, akapokea.

Swichi ya gari ilibadilishwa kesho yake, kazi ya nusu saa. Ya mama haijabadilishwa. Anasema msimu wa mvua, mto ukijaa, huwaka tena, hasa usiku. Jumapili ya Meza hukaa benchi la pili, na wakiitwa wa benchi la pili, huinuka.