Damu ya Fukusi na Maji ya Ziwa

Mdudu ni mdogo, lakini udogo wake haukumnyima damu wala walinzi. Damu yake kwa kawaida si nyekundu, kwa kuwa kazi ya kuchukua hewa hufanywa na mirija myembamba iliyoenea mwilini mwake. Hata hivyo, ndani ya damu hiyo zimo chembe hai zinazoziba majeraha, kumeza vijidudu vya maradhi, na kuvizingira vile visivyomezeka. Ulinzi wa namna hii Élie Metchnikoff, mtaalamu wa Urusi, aliuona Messina mwaka 1882. Alimchoma mwiba mtoto wa kiti cha pweza, akakuta chembe zimeuzunguka kama wanakijiji waliomzunguka mwivi. Elimu iliyotokana na jambo hilo ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1908.

Mkulima hupigana na walinzi hao bila ya kuwaona. Katika maabara, dawa ya mwarobaini imeonekana kupunguza chembe za damu za viwavi na kuziharibu umbo. Kiwavi aliyepungukiwa na walinzi huangushwa na ugonjwa ambao jana angeushinda.

Utupa una njia nyingine. Jani lake lina rotenoni, sumu inayozizuia chembe za mwili zisitumie hewa kupata nguvu. Unga wa majani makavu, ukichanganywa na kunde au maharage ghalani, huzuia fukusi. Faida hiyo si ndogo, kwani gunia lililotobolewa ni chakula na mbegu vilivyopotea pamoja.

Lakini Kyela ni nchi ya mashamba na ya maji. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hupita kwenye mpunga na migomba, kisha huingia Ziwa Nyasa. Mbasa naye hutoka ziwani akapanda mito kutaga mayai. Chembe ya samaki hupata nguvu kwa njia ile ile ya chembe ya fukusi, na matamvua yake huivuta sumu upesi. Ndiyo maana utupa ulitumika tangu zamani kuvulia samaki, na ndiyo maana Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa sumu. Sumu huua mzazi pamoja na kinda ambaye angekuwa kitoweo cha kesho.

Husemwa kwamba dawa ya majani haina madhara kwa kuwa imeota nyumbani. Fukusi hufa kwa jani hilo hilo la nyumbani. Basi anayetwanga utupa na afunike pua na mdomo, na maji aliyooshea kinu asiyamwage mtoni. Mchuma janga hula na wa kwao. Na penye mto, wa kwao ni pamoja na jirani atekaye maji chini yake.