Mama anayependa filme za kuogopesha



Wale tunaokutana nao kwenye likelemba ya siku ya posho wanajua jambo moja juu yetu: tunapenda filme. Tunapenda na muziki pia, lakini hilo halimshangazi mtu, maana nani katika mji huu wa Lubumbashi hapendi rumba? Linalowashangaza ni kwamba filme tunazozipenda kupita zingine zote ni zile za kuogopesha: mizimu, wafu wanaofufuka, nyumba zenye sauti usiku. «Madamu, wewe unafundisha watoto wetu, unaenda kusali, na bado unaangalia mambo ya walozi?» Swali hilo tumeulizwa mara nyingi, mara zingine kwa kicheko, mara zingine kwa uso mkavu. Baba watoto anapenda mpira, analala saa sita za usiku juu ya mpira, na hakuna aliyewahi kumuuliza sababu. Basi mama mwenyekiti ametuomba tujibu hapa, kwa kuwa jibu ni refu na likelemba huisha mapema.

Sisi tunaowaandikia ni mwalimu wa darasa la tano la msingi. Tulisoma ISP, tuna watoto watatu: msichana wa miaka 15, kijana wa miaka 9 na mdogo wa miaka 4. Tuna televizio moja, na umeme tunaupata siku unapokubali.

Woga wa hadithi tuliuzoea tangu utoto. Katika salo ya kambo wetu, mama ya baba, kulikuwa picha kubwa ya mamba muntu. Wengi wenu mnaikumbuka, kwa kuwa miaka ya 60 na 70 nyumba nyingi za hapa zilikuwa nayo ukutani: mwanamke mzuri mwenye nywele ndefu, tumboni kwenda chini ni samaki, na nyoka karibu naye. Kambo alituambia kwamba mtu akiokota kitu chake kando ya maji, mamba muntu atamjia katika ndoto na kumpa mali nyingi, ila siku moja atarudi kuomba mtu wa jamaa yake. Tulikula bukari chini ya macho yake kila siku ya Mungu. Usiku, kama tulichelewa kurudi kutoka kwa jirani, kambo alitutajia watumbula, wale watu ambao wakati wa Wabelgiji ilisemwa wanakamata wapita njia gizani na kuwapeleka kusikojulikana. Tulikimbia mpaka mlangoni, tukalala karibu naye, na kesho yake tulimwomba aturudilie hadithi ileile. Kambo hakuitwa mzazi mbaya kwa ajili hiyo.

Halafu zikafika kaseti. Filme ya Nigeria iliyoitwa Living in Bondage ilitoka mwaka 1992. Tulipokuja kuiona, tulishangaa kwamba tunaijua tayari: mwanaume anayetaka utajiri anaambiwa amtoe mke wake, anamtoa, anapata pesa, na mzimu wa mke unamfuata popote anapokwenda. Ilikuwa hadithi ya picha ya kambo, imevaa suti na kupanda gari! Tangu siku hiyo tuliacha kuona filme hizi kama kitu cha wageni. Hata lile neno «zombi» linalotangazwa kwenye filme za Marekani, wataalamu wengi wa lugha wanalihusisha na Kikongo, kwamba lilivuka bahari pamoja na watu wetu waliouzwa hadi Haiti. Limezunguka dunia nzima na kuturudilia kwenye televizio.

Lakini kinachotushika zaidi ni kujua namna filme inavyotengenezwa. Mwalimu hawezi kuona mashine bila kutaka kuifungua. Mwaka jana, siku ya mvua, tulimwonyesha msichana wetu mkubwa kipande cha filme ya zamani, Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960. Mwanamke anaoga, mtu anaingia na kisu. Kipande chenyewe hakifiki dakika moja. Mara ya kwanza tulimwacha aangalie na sauti, naye alitushika mkono hadi kucha zikaingia. Mara ya pili tukazima sauti. Aliangalia mpaka mwisho, akasema: «Mama, mbona ni mtu anayetikisa kisu tu?» Ndipo tukamweleza. Yule anayemuogopesha hasa anaitwa Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki, ambaye alitumia vyombo vya nyuzi peke yake, violini na ndugu zake, vikilia kama ndege. Hitchcock mwenyewe alitaka kipande hicho kiwe bila muziki, akabadili mawazo alipousikia. Na damu ile inayotiririka ni sosi ya chokoleti, kwa kuwa filme ni nyeusi na nyeupe na hakuna anayeona rangi.

Siku ile msichana alicheka sana. Tangu hapo, filme ikimzidi nguvu, anachukua kidude cha kuzimia sauti, anapumua, kisha anairudisha. Hatujui dawa nyingine ya woga iliyo rahisi hivyo.

Muziki na woga vinakaa nyumba moja, na mama anayependa kimoja atakutana na kingine. Katika Jaws ya mwaka 1975, yule papa mla watu alikuwa mashine, na mashine ilikuwa inaharibika kila mara majini. Ikabidi Steven Spielberg apige picha nyingi bila papa kuonekana, na John Williams akaweka noti mbili tu zinazorudirudi. Watu waliogopa noti mbili! Michael Jackson naye, katika video ya Thriller ya mwaka 1983, alicheza na wafu waliotoka kaburini kwa dakika karibu 14, lakini mwanzoni kabisa aliandikisha tangazo kwamba, kwa imani yake mwenyewe, filme ile haimaanishi anakubali mambo ya uchawi. Wamama mnaotuuliza habari za kusali, angalieni tangazo lile. Mtu anaweza kucheza mzimu bila kuutumikia.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tukubali kuandika.

Tulikuwa na mwanafunzi wa kike, wa miaka 10, yatima wa mama, anayelelewa na shangazi yake. Hatutasema zaidi juu yake. Alikuwa mtoto wa kujibu haraka, kisha akaanza kusinzia darasani. Wenzake wakakataa kukaa naye benchi moja. Tulipouliza, mtoto mmoja akatunong'oneza: «Madamu, yule ni mulozi. Amekiri mwenyewe.»

Amekiri nini? Nyumbani mtoto mchanga wa shangazi alikuwa na homa isiyoisha. Mtu mmoja wa maombi akaitwa, akawauliza watoto wote ndoto zao. Huyu msichana alisema ukweli: usiku anajikuta katika chumba chenye mishumaa myekundu, wanawake wamekaa mezani, macho yao meupe kabisa, wanampa nyama na kumwambia alete mtu wa nyumbani kwao. Kwao hiyo ilitosha. Siku ilikuwa imekwisha kupangwa ya kumfungia bila chakula wala maji «mpaka atoe».

Tulibaki naye baada ya masomo, tukamuuliza kwa utaratibu, kama tunavyouliza hesabu. Mlango wa chumba ukoje? Unajifunga wenyewe. Kuna mwanaume? Yuko, ana saa ya dhahabu, analia. Wamama, pale tulisimama. Filme ile tunaijua! Ni ya Nigeria, iliyotiwa sauti ya Kifaransa, na tuliiangalia mara mbili. Tukamuuliza: kisha yule mwenye saa anafanya nini? Akasema anaingia katika gari, na ndoto inakwisha hapo kila mara, hajui kinachofuata. Tukamuuliza kama aliwahi kwenda kwenye chumba cha video karibu na soko. Aliinamisha kichwa. Alikuwa ameenda na watoto wa jirani, wakakaa chini mbele kabisa.

«Na umeme ulikatika?»

«Ndiyo, Madamu. Ulikatika yule baba alipoingia kwenye gari.»

Jioni ileile tulikwenda kwenye parsele yao pamoja na mwalimu mwenzetu, filme ikiwa kwenye simu. Tulimsalimu shangazi, tukapewa viti, tukaongea kwanza juu ya homa ya mtoto na bei ya makala, kama inavyopasa. Kisha tukamwomba aangalie kitu. Aliangalia akiwa amekunja mikono. Ilipofika ile meza na mishumaa, alisema «Yesu wangu», akamwita mume wake. Mume aliomba turudishe nyuma, akaangalia tena, akamtazama msichana aliyekuwa anaosha sahani uani, asiseme kitu kwa muda mrefu. Kesho yake mtoto mchanga alipelekwa kituo cha afya. Ilikuwa malaria.

Hatutaki mdhani kila kitu kilitengenezeka. Msichana hakufungiwa, na sasa yuko darasa la sita. Lakini kuna wamama wa avenyu ile ambao bado wanavuta watoto wao ndani anapopita. Na mtu yule wa maombi alisema filme zenyewe ndizo mlango wa shetani, na kwamba sisi tulioitambua tunapaswa kuombewa. Neno likitoka juu ya mtoto, kulirudisha ni kazi ya miaka.

Tulikuwa na sheria ndani ya mkoba. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa anayefanya hivyo jela ya mwaka 1 hadi 3 na faini ya faranga 200 000 hadi 1 000 000. Tuliandika namba hizo kwenye karatasi kabla ya kwenda, lakini hatukuitoa. Yule shangazi alikuwa tayari na woga wa kutosha, na mtu mwenye woga ukimtajia jela anafunga mlango. Ila mkikutana na mtu asiyetaka kusikia, karatasi hiyo itoeni bila haya.

Mtoto wa Lubumbashi, Baloji, mwanamuziki aliyegeuka mtengeneza filme, amelisema jambo hili kwa picha. Filme yake Augure ilipata tuzo huko Cannes mwaka 2023. Kijana aliyekulia Ubelgiji anarudi kwa jamaa yake, nao wanamwogopa tangu kuzaliwa kwa sababu ya alama aliyo nayo mwilini. Damu ya pua inamtoka, inamdondokea mtoto mchanga wa dada yake, na nyumba nzima inageuka juu yake. Ina mambo ya kuogopesha, mavazi ya ajabu, usiku wa ajabu, lakini sisi tulichoogopa ni nyuso za wale shangazi na wajomba mezani. Tulimtazama mama yake zaidi ya wote. Filme inaonyesha kilichomtendekea yeye pia, na tunawaachia mjionee.

Wamama wengine watasema: basi funga televizio, mtoto asione kitu. Kwa watoto wadogo tunakubali kabisa. Yule wetu wa miaka 4 haoni mzimu hata wa katuni; yeye na sisi tunasikiliza gitaa la Mwenda Jean-Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, na anacheza mpaka anaanguka. Chumba cha video, hapana kwa wote watatu, kwa sababu pale hakuna mtu mzima wa kuulizwa swali, na umeme ukikatika mtoto anaenda kulala na nusu ya hadithi. Wa miaka 9 anaangalia na sisi tu, mchana tu, na filme ikianza lazima iishe, hata kama ni kesho yake. Hilo la kumaliza tulilitia baada ya yule msichana.

Siku hizi kijana huyo anatengeneza filme yake kwa simu ya baba yake. Damu ni tomati ya mkebe, jambo linalotuumiza kidogo mwisho wa mwezi. Alihitaji mulozi, akamwendea kambo, ambaye sasa ana miaka zaidi ya 80. Kambo aliuliza swali moja tu: kama atapewa wigi.

Siku ya posho ijayo, baada ya likelemba, tutaangalia nyumbani kwetu La vie est belle ya mwaka 1987, ile ya Ngangura Mweze, mwana wa Bukavu, na Benoît Lamy, ambamo Papa Wemba ni kijana wa kijijini anayekwenda Kinshasa kutafuta muziki. Ina mganga mmoja tu, naye ni wa kuchekesha. Saa tisa za mchana, kama umeme utakubali, na kila mama aje na kiti chake. Ile ya kuogopesha tutaiweka baadaye, kwa watakaobaki.