Nyumba ya Wanafunzi Wakati wa Likizo: Ikodishwe au Ifungwe?

Hapa kwetu Kamina mwaka wa masomo humalizika kwa kawaida mwanzoni mwa mwezi wa saba, na milango ya shule hufunguliwa tena mwezi wa tisa. Katika miezi hiyo miwili ya likizo, au vakansi kama wengi wetu tunavyosema, nyumba za wanafunzi wanaolala shuleni, yaani internati, hubaki tupu. Vitanda vipo, jiko lipo, kisima kipo, watoto hawapo. Papo hapo mjini kuna watu wengi wanaotafuta mahali pa kulala. Ndipo huzuka swali ambalo kila mwaka hupelekwa kwa Padri, kwa Masista na kwa wazee wa baraza: Je, nyumba hiyo yafaa kukodishwa kwa wageni, au yafaa kufungwa mpaka watoto warudi?

Mimi ni katekista. Nilisoma seminari miaka kadhaa kabla ya kuoa, na kwa muda wa miaka mitano nimesaidia kuwaangalia wanafunzi wa internati moja ya upande huu saa za jioni. Nimeiona nyumba ikifungwa, nimeiona pia ikikodishwa. Nitasema niliyoyaona, na kila msomaji apime mwenyewe.

Kwanza tuutazame mji wetu. Kamina ni njia panda ya gari la moshi. Reli ya kutoka Bukama kwenda Ilebo, mji ulioitwa zamani Port-Francqui, ilimalizika mwaka 1928. Na ile ya kwenda Kabalo ilimalizika mwaka 1956. Tena tangu mwaka 2015 Kamina ni mji mkuu wa provinsi ya Haut-Lomami, na watu huja kwa mashauri ya serikali. Lakini treni za siku hizi hazifuati saa. Mtu aliyedhani atalala usiku mmoja aweza kulala juma zima. Na miezi ya kiangazi ndiyo miezi ya arusi, ya semina, ya mafungo, ya makambi ya vijana na ya mashindano ya mpira. Wote hao huja na ombi moja: Tupeni vitanda.

Pili tuitazame mifuko yetu. Wako Wakristo wanaodhani ya kuwa serikali hulipa kila kitu shuleni. Sivyo. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ya Zaire ilizichukua shule za misioni, na kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 uongozi wake ukarudishwa kwa makanisa. Mishahara ya walimu ni juu ya serikali. Tangu mwaka 2019 serikali imetangaza pia ya kuwa elimu ya shule za msingi ni bure. Lakini unga, maharagwe, sabuni, kuni, magodoro, mpishi na mlinzi wa internati ni juu ya wazazi. Na wazazi wetu wengi ni wakulima na wavuvi. Mmoja huleta gunia la mahindi, mwingine samaki wakavu wa maziwa ya Upemba, na mwingine huja mikono mitupu akiomba angojewe mpaka mavuno.

Kwa hiyo siwalaumu wanaokodisha. Nyumba iliyofungwa haileti faranga hata moja, wala haibaki nzima. Mchwa huingia milangoni, panya hutoboa magodoro, na wezi huyatamani mabati. Wahenga walisema kweli: Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Tena wapo mpishi, mwanamke wa kufua na mlinzi. Watoto wakienda kwao, watu hawa hubaki bila mshahara miezi miwili, na wao pia wana watoto. Mwaka ambao nyumba yetu ilipokea wageni, jiko lao liliwaka. Jambo hilo si dogo.

Wala si sisi peke yetu. Huko Uingereza shule nyingi za kulala huwapokea wakati wa likizo wageni waliokuja kujifunza Kiingereza, na vyuo vya Oxford na Cambridge hukodisha vyumba vya wanafunzi kwa wasafiri. Huko Kenya, shule zilipofungwa mwezi wa tatu mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule moja ya watu binafsi, Mwea Brethren, iligeuza madarasa yake kuwa mabanda ya kuku. Watu wengine walicheka. Lakini mimi nilielewa: shule inayoishi kwa karo tu, siku watoto wakiondoka, haina tena mkate. Na mwezi wa nane mwaka 2023, vijana Wakatoliki walipokutana na Baba Mtakatifu Fransisko huko Lisbon, wengi wao walilala katika shule na kumbi za parokia zilizofunguliwa kwa ajili yao. Kwa hiyo kumfungulia mgeni nyumba ya shule si jambo la aibu.

Mpaka hapa mambo ni mepesi. Sasa nitaeleza lililo zito.

Si kila mwanafunzi huenda kwao wakati wa likizo. Mwaka mmoja katika internati niliyoitaja walibaki wavulana watatu. Mmoja alikuwa wa upande wa Kabongo, na treni haikupita. Wa pili hakuwa na baba wala mama. Wa tatu, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alitoka kwa wavuvi wa Malemba-Nkulu, na wazazi wake walikuwa hawajapata fedha za kumrudisha. Kikaja chama kimoja kufanya semina ya majuma matatu, na kikalipa vizuri. Kiliomba bweni zima. Mkuu wa nyumba akakubali, na wale watatu wakaambiwa wachukue mikeka yao, wakalale katika ghala ya mahindi. Nanyi mnajua baridi ya mwezi wa saba katika nchi hii ya juu: asubuhi pumzi ya mtu huonekana kama moshi.

Jioni moja yule mdogo aliniuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza maana ya hesabu:

“Mwalimu, baba alilipa mahindi ya mwaka mzima. Wale wamelipa majuma matatu. Mbona kitanda ni chao?”

Nilikwenda kwa mkuu wa nyumba. Hakuwa mtu mbaya, nami sitaki msomaji amdhanie hivyo. Alinifungulia daftari, akasema: “Mwalimu, fedha za wageni hawa zitanunua magodoro ishirini. Nisipoyapata, mwezi wa tisa nitaongeza karo, na wako watoto ambao hawatarudi. Wewe ungechagua nini?”

Nilimjibu ya kuwa sikuwa na neno juu ya magodoro ishirini. Neno langu lilikuwa juu ya vitanda vitatu. Alinyamaza. Baadaye alisema mapatano yamekwisha kutiwa sahihi, na wageni wamelipia bweni zima. Basi wavulana wakabaki ghalani mpaka semina ikamalizika.

Magodoro yalinunuliwa kweli. Niliyahesabu mimi mwenyewe, yalikuwa ishirini, mapya, mazuri. Mwezi wa tisa watoto waliyafurahia sana. Lakini yule mdogo wa Malemba-Nkulu hakurudi. Hakutuma neno, nami sitamsemea. Labda ni fedha, labda ni mambo mengine. Ninajua tu ya kuwa godoro moja kati ya yale ishirini lilinunuliwa kwa kitanda chake, na yeye hakulilalia.

Tangu siku hizo naliona swali letu kwa namna nyingine. Si kuuliza tu kama nyumba ikodishwe au ifungwe. Sharti tuulize: Nyumba hii ni ya nani wakati mwenyewe hayupo? Nami najibu: ni ya mtoto. Mgeni ni mgeni wa mtoto, na mkuu wa nyumba ni mtunzaji wa mali ya mtoto. Tukilishika neno hilo, mashauri mengine yote hufuata.

Basi kwanza, kabla ya kupokea wageni, wahesabiwe watoto wanaobaki. Watengewe chumba chao, chenye mlango na ufunguo, mbali na wageni, na mtu mzima wa nyumba awe karibu nao. Chumba hicho kisikodishwe hata kama mgeni ataongeza bei mara mbili. Vilevile bweni la wasichana lisipewe wageni wanaume.

Pili, likizo yote isikodishwe. Katika mwaka mzima miezi hii miwili ndiyo nafasi pekee ya kuponya nyumba: kupaka chokaa, kuanika magodoro, kuua kunguni, kuchimba vyoo, kuziba mabati kabla ya mvua za mwezi wa kumi. Nimeona nyumba iliyopokea wageni mpaka siku ya mwisho. Watoto waliporudi walikuta vyoo vimejaa na kisima kimekauka, na fedha zote za wageni zikaishia huko.

Tatu, pawe na maandishi. Kabla mgeni hajaingia, vitanda, magodoro, meza, taa na sufuria vihesabiwe mbele yake, na pande zote mbili zitie sahihi. Aweke dhamana, arudishiwe akiacha kila kitu salama. Maji, kuni na umeme wa jua vihesabiwe katika bei, maana watu arobaini wenye simu humaliza nguvu ya betri kabla ya usiku kuingia. Tena bei isiwe ya kuwaharibia kazi wenye nyumba za wageni mjini. Wao hulipa kodi, na wengi wao ni Wakristo wenzetu.

Nne, tuchague wageni. Mafungo, semina, wanakwaya, wachezaji, wasafiri waliokwama, hao wote waje. Lakini ulevi usiingie mahali wanapolelewa watoto, wala kanisa dogo la nyumba lisigeuzwe ukumbi. Na juu ya siasa tuwe waangalifu. Shule nyingi za nchi yetu zimekuwa vituo vya kupigia kura, kama tarehe 30 Julai 2006, ambayo iliangukia likizo. Hiyo ni kazi ya raia wote. Kukipa nyumba chama kimoja kwa mikutano yake ni jambo jingine.

Tano, na hili ndilo kubwa, hesabu zisomwe. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanoni ya 1284, yawaagiza wanaotunza mali ya Kanisa waangalie isipotee wala kuharibika, waandike vizuri yanayoingia na yanayotoka, na watoe hesabu kila mwisho wa mwaka. Kanoni ya 1287 yasema pia ya kuwa waamini wapewe hesabu ya mali waliyoitoa wao, kadiri ya taratibu za jimbo. Nani alijenga mabweni yetu? Wamisioni walileta fedha za ng'ambo, ni kweli. Lakini mama zetu walibeba mchanga kichwani, na baba zetu walichoma matofali. Wana haki ya kujua faranga za mwezi wa saba zilikwenda wapi. Zikienda kwenye magodoro, wataona magodoro. Zikienda mahali pengine, wataona pia.

Mwaka uliofuata, baraza la nyumba ile lilikubali shauri la kwanza na la tatu. Shauri la tano bado linangoja. Wageni wanaendelea kuja, na chumba kidogo karibu na jiko kimewekwa kwa wanaobaki. Ni chumba chembamba, dirisha lake halina kioo, lakini ufunguo wanao wao.

Wasomaji wapenzi, ninyi wazazi na wajumbe wa mabaraza, likizo ikikaribia msingoje kusikia habari sokoni. Nendeni kwa Padri au kwa Sista, mkamwulize kwa heshima mambo matatu: Wageni gani wanakuja? Watoto gani wanabaki, nao watalala wapi? Fedha zitanunua nini? Wakuu wa nyumba walio waaminifu hawatachukia maswali hayo. Watafurahi kupata watu wa kubeba mzigo pamoja nao.