Usiku wa Kwanza Mtalala Wapi?

Daftari bado ninalo. Ni daftari la mistari tulilonunua kuandikia matumizi ya nyumbani, na katikati yake zipo kurasa mbili za safari ya Peru. Ukurasa wa kushoto ni mwandiko wangu, umekatwakatwa kwa kalamu nyekundu. Wa kulia ni mwandiko wa mke wangu, na kando ya kila usiku ameandika tarakimu: 2,790 mara tatu, 2,040 mara moja, 3,400 mara mbili. Ndizo mita za kila mahali tulipolala, kuhesabu kutoka usawa wa bahari.

Mwanzoni mita hazikutupitia akilini. Tulikuwa tunatimiza miaka kumi ya ndoa, tunaishi Houston, mji tambarare kama mkeka, na likizo zetu zilikutana kwa wiki moja tu. Niliandika kila nilichowahi kukiona pichani: Cusco, Machu Picchu, Ziwa Titicaca, na Vinicunca, ule mlima wenye michirizi ya rangi. Wakala mmoja akaturudishia ratiba ya siku sita iliyobeba vyote. Tungetua Cusco asubuhi, na alfajiri ya kesho yake tungeelekea Vinicunca, ambako njia inapanda hadi kupita mita 5,000. Nilifurahi. Nilikuwa nahesabu mahali pa kuona, na palikuwa pengi.

Cha kwanza kuondoka kilikuwa mwezi. Tulitaka Februari, mwezi wa harusi yetu, lakini huko Februari ni masika yenyewe. Njia ya Wainka ya kwenda Machu Picchu kwa miguu hufungwa mwezi huo mzima kila mwaka. Na Januari 2010 mvua iliangusha udongo juu ya reli, watalii kwa maelfu wakakwama bondeni mpaka helikopta zikaja kuwachukua. Tukahamia Mei, kiangazi kinapoanza.

Kilichogeuza safari yote ni simu. Baba mdogo wangu, huko kwetu Marangu, alibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro kwa miaka mingi. Nilimpigia kumpa shikamoo, nikamweleza habari za Peru. Hakuuliza tutaona nini.

“Usiku wa kwanza mtalala wapi?”

“Cusco, baba.”

“Pana urefu gani hapo?”

Nikatafuta, nikamjibu: mita 3,400. Akanyamaza kidogo.

“Hapo mmekaribia kambi ya Horombo, mwanangu. Sisi Horombo tunafika siku ya pili, kwa miguu, tumeshalala kambi ya Mandara. Na mgeni anayesikia tunamlaza hapo usiku mwingine, mwili uzoee, ndipo aende kambi ya Kibo. Ninyi mnatoka baharini asubuhi, mnashukia Horombo, kesho yake mnapita Kibo. Na mkeo naye umemwambia?”

Sikuwa nimemwambia. Nilijiona mtoto wa mlimani, nikidhani damu ya Marangu ingetosha. Lakini Marangu iko chini sana ya Cusco, na mwili uliokaa Houston miaka kumi na miwili umeshakuwa mwili wa pwani. Cusco kila pumzi inaleta kama theluthi mbili tu ya oksijeni unayoipata ufukweni. Wenyeji ugonjwa wa mwinuko wanauita soroche, nao hauchagui mwenye nguvu wala mnyonge.

Tukaenda kwa daktari kuomba vidonge vya mwinuko, acetazolamide. Akamuuliza mke wangu kama aliwahi kudhurika na dawa za salfa. Mke wangu amekulia Tanga. Akiwa na miaka tisa alipewa vidonge vya malaria vyenye salfa, akavimba midomo na ngozi ikababuka mgongo mzima. Daktari akasema basi hizi hatampa. Tupande kwa kiasi, na tukishapita mita 3,000 tusipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja.

Usiku huo alichukua daftari na kalamu nyekundu. Vinicunca akaipiga mstari. Titicaca nayo, maana ziwa lenyewe liko mita 3,812 na kutoka Cusco ni safari ya siku nzima kwa basi. Niliitetea Titicaca, nakiri, kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Ndipo akagundua jambo ambalo mimi, na picha zangu zote, sikulijua: Machu Picchu iko chini ya Cusco kwa karibu mita 1,000. Akaipindua safari. Uwanja wa ndege wa Cusco tuupitie tu, tuteremke moja kwa moja hadi bonde la Urubamba, tulale Ollantaytambo. Cusco iwe ya mwisho. Tukakata kwanza tiketi ya Machu Picchu, kwa kuwa huuzwa kwa saa maalumu, kisha treni, na mengine tukayapanga kuzunguka hizo mbili.

Siku nzuri kuliko zote zilikuwa zile za Ollantaytambo ambazo hatukuziandikia chochote. Asubuhi tulikaa na glasi ya maji moto yenye majani ya koka yakielea, ladha yake kama nyasi zilizokaushwa, huku maji yakikimbia katika mifereji ya mawe kando ya vichochoro. Sokoni mama mmoja alikata kiazi, ndani kikawa cha zambarau mpaka kwenye kiini. Mke wangu alikishika kwa mikono miwili. Kwetu tunaviita viazi ulaya, na kumbe kwao ni hapa, Andes.

Cusco tulipanda ngazi za mtaa wa San Blas tukisimama kila baada ya hatua chache, tumeshikana mikono. Mke wangu kichwa kilimuuma usiku mmoja, asubuhi kikatulia.

Msomaji, kama mnaitamani Andes na likizo yenu ni fupi, ile orodha ya mahali iacheni kwanza. Kaeni wawili na daftari, mwandike usiku wa kwanza mtalala wapi na ni mita ngapi. Na mwenzio muulize kuhusu salfa.