Kaka, ile dawa ya kusafisha injini

Toronto baridi tayari, na mimi ni zamu za usiku tu. Kaka yangu wa Morogoro kaniomba zile dawa za kumimina kwenye tanki, maana teksi yake haina nguvu siku hizi.

Kaka, usikasirike. Dawa nzuri, zile zenye PEA, kweli zinasafisha uchafu kwenye nozeli. Lakini petroli ikichanganywa na mafuta ya taa, hakuna chupa ya kuyatoa. Ndiyo maana EWURA walianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Halafu chupa yenyewe inawaka moto, kwenye begi la ndege haipiti.

Sisi manesi mgonjwa hapewi dawa kabla ya vipimo. Basi hela ya chupa nakutumia kwa simu: fundi aangalie plagi na filta kwanza, na kituo cha mafuta ubadilishe. Teksi hiyo ndiyo ada ya watoto, jamani, tusiifanyie majaribio.