Mnara wa Mafuta na Somo la Kwihara

Mhariri wa gazeti letu ameniomba mimi, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, niandike machache juu ya kazi yangu, ili wadogo zangu walio darasani wapate kujua kama fizikia ina faida yoyote baada ya mtihani. Nimekubali, ila sitaandika habari za kujisifu. Nitaandika habari za kosa nililolifanya, kwa sababu lilinifundisha kuliko cheti changu.

Kazi yangu ni kusafisha oili chafu, yaani ile inayomwagwa kutoka katika injini za malori. Hatua ya kwanza ni kuondoa maji na mafuta mepesi yaliyochanganyika nayo. Oili hupashwa moto katika tanuri, kisha huingia katika mnara mrefu wa chuma uliojazwa vipande vidogo vya chuma ndani yake. Mvuke wa mafuta mepesi hupanda juu, hupoozwa, na kurudi kuwa mafuta. Oili nzito hushuka chini. Aliyewahi kusikia jinsi gongo inavyopikwa ataelewa upesi, ingawa simshauri mtu kwenda kujifunzia huko. Tofauti ni kwamba pampu huvuta hewa kutoka ndani ya mnara wetu, kwa kuwa mgandamizo ukipungua mafuta huchemka kwa moto mdogo. Bila hivyo ingebidi moto uwe mkali sana, na oili ingeungua kabla ya kazi kwisha.

Nilijifunza kazi hiyo pwani. Bwana aliyenifundisha alinipa daftari lenye amri moja iliyopigwa mstari: geji ya pampu isome 700, yaani milimita 700 za zebaki. Kwa miaka minne niliitii amri hiyo, na mafuta yalitoka safi, ya rangi ya manjano. Kisha nikapelekwa Tabora kusimamia mnara mwingine, uliotengenezwa kwa vipimo vilevile vya ule wa pwani.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Geji ilipanda hadi 640, ikakwama. Mafuta mepesi yalitoka meusi kama oili yenyewe. Tena, geji ya juu ya mnara na ile ya chini, ambazo kwa kawaida hupishana kwa 10 tu, sasa zilipishana kwa 30.

Nikasema pampu ni mbovu. Fundi wa pampu alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, mtu wa maneno machache. Aliifungua pampu mbele yangu, akabadilisha gasketi zote, akaifunga. Geji ikasoma 640. Akazima moto, akafunga vali iliyo kati ya mnara na pampu, tukautazama mshale kwa nusu saa. Haukusogea hata kidogo.

"Mwanangu," akaniambia, "mnara huu hauna tundu, na pampu imevuta kilichopo."

Sikumsikiliza. Niliazima pampu ya pili nikaiunga na ya kwanza, na siku hiyohiyo nikaongeza moto. Mafuta yakazidi kuwa meusi, na harufu ya kuungua ikatanda uwanjani. Kwa hasira nikamwandikia meneja barua kwamba Fundi hajui kazi. Kesho yake mzee akaambiwa akae nyumbani mpaka shauri lake liamuliwe. Alikunja ovaroli lake vizuri, akaliweka juu ya benchi, akaniaga kwa heshima.

Jumapili ile sikuwa na raha. Nikapanda baiskeli nikaenda Kwihara, mahali lilipo tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Wengi wenu mmefika huko. Mimi nilifika mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili, pamoja na mwalimu wetu wa fizikia. Siku ile mwalimu aliwasha jiko la mafuta ya taa chini ya mwembe, akateleka maji, akatuambia tusome kipimajoto maji yatakapochemka. Kilisoma 96. Sisi tukapiga kelele kwamba kipimajoto ni kibovu, kwa maana kitabu kilisema 100.

Mwalimu alicheka. Akatueleza kwamba Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa inayotugandamiza ni pungufu kuliko ya pwani, kwa hiyo maji huchemka mapema. Akatuambia kwamba Burton na Speke, walipofika Kazeh, yaani Tabora hii, mwezi wa Novemba 1857, walikuwa na vipimajoto vya kutia katika maji yanayochemka, na kwa kusoma joto lake walikadiria urefu wa nchi. Akaongeza kwamba vyombo hivyo havikujileta vyenyewe; vililetwa na wapagazi, miongoni mwao Wanyamwezi, kwa miguu kutoka pwani.

Nikiwa nimekaa Kwihara, nilikumbuka yale maneno yetu ya utoto: kipimajoto ni kibovu. Nikaona aibu, maana ndiyo maneno niliyoyasema juu ya pampu.

Nilirudi kiwandani jioni hiyo, nikachemsha birika la maji. Kipimajoto kilisoma 96. Nikafungua jedwali la mvuke: maji yanayochemka kwa nyuzi 96 yana mgandamizo wa hewa wa karibu milimita 660 juu yake. Pwani ni 760. Sasa, geji yetu haihesabu hewa iliyobaki ndani ya mnara; huhesabu tofauti kati ya nje na ndani. Pwani, 760 ukitoa 700 hubaki 60. Tabora, 660 ukitoa 640 hubaki 20 tu. Nilikuwa nikidai 700 mahali ambapo hewa yote ni 660! Hata pampu ingalivuta kila kilichomo, geji isingalifika.

Basi pampu ya Fundi ilikuwa nzima, tena ilikuwa imevuta kupita kiasi. Mgandamizo ukishuka kutoka 60 hadi 20, mvuke uleule hutanuka karibu mara tatu. Mnara ulikuwa mwembamba kwa mvuke mwingi hivyo. Mvuke ulipita kwa kasi, ukabeba matone ya oili nyeusi hadi juu, ukaizuia oili isishuke. Ndiyo sababu geji mbili zilipishana sana. Na mimi kwa kuongeza moto niliongeza mvuke.

Usiku ule niliondoa pampu ya kuazima, nikapunguza moto, kisha nikaibana vali ya pampu polepole mpaka geji ikasoma 600. Sikuruhusu hewa ya nje iingie, kwa maana hewa ikikutana na mafuta ya moto yaweza kuleta mlipuko. Kulipopambazuka geji zilipishana kwa 10, na mafuta yalitoka manjano.

Asubuhi niliandika barua ya pili kwa meneja, nikisema kosa ni langu. Kisha nikaenda Ng'ambo nyumbani kwa Fundi.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, akasema, "Mimi sikuzijua hesabu zako. Lakini pampu yangu naijua." Siku ya pili alirudi kazini, akavaa ovaroli lake palepale alipoliacha.

Wadogo zangu, kwanza jueni chombo chenu kinahesabu nini kabla ya kukiita kibovu. Pili, msibadilishe mambo mawili kwa siku moja, maana hamtajua lipi lililoponya na lipi lililoua. La tatu wazee walikwisha lisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilipona, ila kwa siku kadhaa nililivunja la mtu asiye na hatia.

Daftari la pwani ninalo hata leo. Chini ya ile amri nimeandika kwa mkono wangu: Tabora, 600.